Sura ya Tano: Umeme Umezidi, Mbona Unakatika?

Mwaka 2024 swali moja lilitembea kutoka vijiweni hadi misibani, likapanda daladala na kushuka nayo: bwawa limejaa, mitambo imewashwa, mbona giza liko palepale? Machi ya mwaka huo zilitoka habari kwamba vituo vitano vya kufua umeme kwa maji vimezimwa, kwa sababu umeme ulioingia katika Gridi ya Taifa umezidi mahitaji. Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Aprili, gridi ikapata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikalala gizani. Mwenye saluni wa Bagamoyo ambaye mteja wake amebaki kitini, nusu ya kichwa kimekaushwa na nusu bado kinachuruzika maji, ana haki ya kuuliza. Mwenye unga tele ghalani halali njaa. Imekuwaje nchi yenye umeme tele ilale gizani?

Swali hili lina kina kuliko linavyosikika. Ndani yake mna elimu tatu ambazo vyuoni hufundishwa katika majengo tofauti: uhandisi wa umeme mkubwa, nadharia ya udhibiti, yaani elimu ya kukifanya kitu kibaki pale unapotaka kibaki, na elimu ya namna metali iliyoyeyuka inavyoganda. Kiswahili kilikwisha kuziweka elimu hizi karibu karibu. Mhunzi anafua chuma, sonara anafua dhahabu, na mtambo unafua umeme. Chuma kikishafuliwa hupozwa. Umeme nao, ukitoka Bwawa la Julius Nyerere kule Mto Rufiji kwa njia ya kilovolti 400, hufika Chalinze, ndani ya Wilaya ya Bagamoyo, na kupokewa katika kituo cha kupoza umeme. Hapo kinachopozwa ni msukumo wake, volti, ili uweze kusafirishwa mijini na hatimaye kuingia nyumbani bila kuunguza kitu. Nayapenda maneno haya mawili, kufua na kupoza, na sura hii nzima imejengwa juu yake.

Umeme hauna ghala

Mvuvi akipata dagaa kupita kiasi huwaanika. Mkulima wa Makurunge akivuna mahindi mengi huyatia kwenye magunia. Umeme ulio kwenye nyaya hauna kitanga wala gunia. Unaozungusha feni yako sasa hivi umefuliwa sasa hivi, na ukizima feni, mahali fulani mtambo lazima upunguze kidogo unachofua, wakati uleule. Betri kubwa zipo duniani na zinaongezeka, lakini kwa gridi kama yetu akiba ya kweli ni maji yaliyo nyuma ya ukuta wa bwawa. Na maji hayo ni akiba ya maji. Hayawi umeme mpaka yapite kwenye mtambo, na yakipita hayarudi.

Kuelewa kinachotokea, nenda kwenye mashine ya kusaga. Sikiliza injini ya dizeli kabla mahindi hayajamiminwa: inanguruma kwa sauti ya juu, nyepesi. Mwendeshaji anamimina debe. Sauti inazama, injini inakuwa nzito, moshi unatoka mweusi, halafu baada ya muda mfupi sauti inapanda tena mpaka karibu pale ilipokuwa. Hakuna aliyegusa kitu. Ndani ya injini kuna kifaa ambacho mafundi hukiita gavana, ndugu yake yule spidi gavana wa mabasi, kinachohisi mwendo umepungua na kuongeza mafuta. Mahindi yakiisha ghafla, sauti inapaa, na gavana anapunguza mafuta kabla injini haijajivunja.

Gridi ni mashine ya kusaga yenye injini nyingi na mamilioni ya watu wanaomimina na kuacha kumimina bila kuambizana. Sauti yake ina namba: 50. Umeme wetu hubadilisha mwelekeo kwenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, na kipimo hicho huitwa hezi. Namba hiyo inatokana na mzunguko wa mitambo yenyewe. Jenereta zote zilizo kwenye gridi, za Rufiji, za Kidatu, za gesi kule Kinyerezi, zimefungwa pamoja kwa nguvu ya sumaku kupitia nyaya, kama wapiga makasia wa chombo kimoja wanaofuata mpigo mmoja. Mmoja akiacha kuvuta, chombo kinakuwa kizito kwa waliobaki na mpigo unalegea: 49.9, 49.8, 49.7. Mzigo ukipungua ghafla, mpigo unakimbia: 50.1, 50.2. Vyote viwili ni ugonjwa. Umeme unaozidi mahitaji ni mpigo unaokimbia, na ndiyo maana wa kuzidi nao unahitaji kuzimwa.

Sasa tazama ukubwa wa wapiga makasia wetu. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulipoanza kutoa umeme Februari 2024, mahitaji ya nchi nzima yalikuwa hayafiki jumla hiyo. Kwa hiyo mtambo mmoja tu ulibeba zaidi ya sehemu ya kumi ya mzigo wa taifa. Nchi yenye gridi kubwa, kama Ujerumani iliyoungana na majirani zake wote, ikipoteza megawati 235 haitikisiki. Kwetu ni kama mpiga kasia mwenye nguvu kuliko wote amedondoka majini.

Mtambo mkubwa ukijitoa ghafla, mambo hufuatana hivi:

- Katika sekunde ya kwanza hakuna kifaa kilichowahi kufanya lolote. Gridi inaokolewa na uzito wa magurudumu yanayozunguka. Kitu kizito kilicho katika mwendo hukaidi kubadilishwa mwendo. Wanafizikia huuita ukaidi huo inesha. Magurudumu yanatoa sehemu ya mwendo wake kulipa deni.
- Sekunde chache zinazofuata, magavana wa mitambo iliyobaki wanafungua maji na gesi zaidi.
- Mpigo ukiendelea kushuka, vifaa vya kujikinga hukata baadhi ya mitaa vyenyewe, bila kusubiri amri ya mtu, ili mzigo upungue.
- Hilo nalo lisipotosha, mitambo iliyobaki hujitoa mmoja baada ya mwingine kulinda vyuma vyake. Hapo ndipo nchi nzima inapozima.

Hatua ya tatu ndiyo inayonisikitisha kwa jinsi inavyoeleweka vibaya. Mtaa unaozimwa kwa dakika ishirini huenda umetolewa ili nchi isizime. Anayeketi gizani hana namna ya kulijua hilo, na hakuna anayemweleza. Wataalamu wa mawasiliano wangetumia dakika chache baada ya kila tukio la aina hii kulieleza, hasira nyingi zisingekuwepo.

Kwa kifupi, mpaka hapa: wingi wa umeme na utulivu wa umeme ni vitu viwili. Bwawa hutoa wingi. Utulivu hutokana na kusahihisha kosa kwa wakati wake.

Mshika usukani wa jahazi

Kusahihisha kwa wakati: hiyo ndiyo nadharia ya udhibiti yote, na mtu wa pwani ameiona tangu utotoni.

Simama ufukweni Bagamoyo uangalie jahazi linaloelekea Unguja wakati wa kusi. Mshika usukani mgeni utamjua kwa mkondo anaouacha nyuma: umepinda kama nyoka. Ameona omo limekwenda kushoto, akaupeleka usukani kwa nguvu, chombo ni kizito, hakikuitika papo hapo, akaongeza, sasa kimeitika kupita kiasi, omo limekwenda kulia, akarudisha kwa nguvu ileile. Kila sahihisho lake linazaa kosa la upande wa pili. Hakosi bidii. Tatizo lake ni kwamba anasahihisha kosa la sekunde kumi zilizopita.

Mwanahisabati Nicolas Minorsky, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alilichunguza jambo hilo kwa makini. Alikuwa akitafuta namna ya kuifanya meli ya kivita ijishike usukani yenyewe, na maandishi yake ya mwaka 1922 yaliyategemea yale ambayo mabaharia hodari huyafanya kwa mikono yao. Mshika usukani mzuri, kwa maelezo yake, hutazama mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, omo limepotoka kiasi gani sasa. Pili, limekuwa likipotoka upande uleule kwa muda gani, maana hiyo ni dalili ya mkondo wa bahari unaosukuma polepole bila kuonekana. Tatu, linapotoka kwa kasi gani, ili aanze kurudisha usukani kabla chombo hakijafika pale anapopataka. Kosa la sasa, kosa lililolimbikizana, na mwendo wa kosa. Vifaa vingi vya udhibiti viwandani leo, vya boila za sukari, vya mabomba ya gesi, vya vyumba vya baridi vya samaki, vinafanya hesabu hizo tatu na kuzijumlisha. Nahodha wa Bagamoyo anazifanya kwa kiganja na nyayo.

Kabla ya Minorsky, James Watt alikwisha kufunga gavana kwenye injini ya mvuke mwaka 1788: mipira miwili ya chuma inayozunguka, ikitanuka injini inapokimbia na kubana mvuke. Nyingi za injini hizo zilipata ugonjwa wa jahazi la mgeni. Ziliongeza mwendo, zikapunguza, zikaongeza, zikayumba bila kutulia. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell akaonyesha kwa hesabu ni lini gavana hutuliza na ni lini huyumbisha. Tangu hapo ilijulikana kwamba kusahihisha kunaweza kudhuru. Kusahihisha kwa nguvu kupita kiasi, au kwa kuchelewa, ni kosa jipya.

Mrejesho ndilo neno la wataalamu kwa mzunguko huu wa kupima, kulinganisha na kusahihisha. Boya katika tangi la maji la nyumbani ni mrejesho: maji yakishuka boya linashuka na kufungua koki, yakipanda linapanda na kuifunga.

Mtambo wa maji una ukaidi wake wa pekee, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo kwa sababu jambo lenyewe ni zuri. Tuseme mpigo wa gridi umeshuka na gavana wa Rufiji anataka nguvu zaidi. Anafungua milango ya maji. Unategemea nini? Nguvu iongezeke. La: kwa muda mfupi nguvu hupungua kwanza. Maji yaliyomo ndani ya njia ndefu inayoshuka kutoka bwawani ni mzigo mzito sana, na mzigo mzito hauongezi mwendo kwa amri. Mlango umepanuka, maji bado yanakwenda mwendo wa zamani, kwa hiyo msukumo wake mlangoni unalegea, kama bomba la bustani ukiondoa kidole ulichokuwa umebania mdomo wake. Baadaye kidogo maji yanashika kasi na nguvu inapanda. Gavana asiye na subira akiona nguvu imepungua baada ya yeye kufungua, akafungua zaidi kwa pupa, atakuwa yule mgeni wa jahazi. Ndiyo maana magavana wa mitambo ya maji hutengenezwa wawe wapole kwa makusudi, na mitambo ya gesi, inayoitika haraka zaidi, inabaki na kazi hata kwenye nchi iliyojaliwa mito.

Waya mmoja chini ya bahari

Kuna mahali kaskazini mwa Dar es Salaam, ng'ambo ya Kunduchi, ambapo nyaya za umeme zinafika ufukweni na kuingia majini. Ni Ras Kiromoni. Kutoka hapo kebo ya kilovolti 132 inatambaa chini ya bahari hadi Fumba, Unguja.

Pwani hii imezoea nyaya za chini ya maji. Mwaka 1890 kebo ya simu ya maandishi iliunganisha Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam, zama ambazo ujumbe wenyewe ulikuwa vidoti na vistari. Kebo ya umeme ilikuja miaka tisini baadaye, mwaka 1980, na kwa kizazi kizima Unguja iliishi kwa waya huo.

Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika, na haukurudi kwa karibu mwezi mmoja. Desemba 2009 ukakatika tena. Safari hii giza lilidumu hadi Machi 2010, miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudi kwenye visima na ndoo. Samaki hawakuwa na barafu. Mashine za kushona zilikaa kimya mpaka aliyeweza akanunua jenereta, na asiyeweza akangoja. Mchumi Alfredo Burlando alizichunguza athari za giza la 2008, akakuta kwamba watoto waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati huo walizaliwa wakiwa na uzito mdogo kuliko wenzao, kwa sababu mapato ya familia yalikuwa yameanguka. Kila ninapofikiri juu ya kebo narudi kwenye uzito wa watoto hao. Waya uliokatika ulipimika kwenye mizani ya wakunga.

Nimeiweka habari hii katikati ya sura kwa sababu inaonyesha mpaka wa udhibiti. Gavana anaweza kuwa mwerevu kiasi chochote. Usukani ukivunjika, mkono hodari hauna cha kushika. Hakuna mrejesho unaopitisha umeme kwenye kebo iliyokufa. Dawa yake ilikuwa njia ya pili. Kufikia mwaka 2013 kebo mpya, iliyogharamiwa na Marekani na yenye uwezo wa megawati 100, zaidi ya maradufu ya ile ya zamani, ilikuwa imelala kando ya njia ileile kati ya Ras Kiromoni na Fumba. Pemba nayo, iliyokuwa ikitegemea jenereta za dizeli, iliungwa na Tanga kwa kebo yake mwaka 2010.

Kebo ni nini lakini? Ni metali na kizuizi, na maungio. Na habari ya metali inaanzia pale ilipokuwa bado maji.

Barafu ya ukwaju

Nunua barafu ya ukwaju ya kifuko, zile zinazouzwa nje ya shule, iliyoganda hadi imekuwa ngumu. Ing'oe kifuko na uitazame. Pembeni ni nyeupe, karibu ya maji matupu. Katikati ni nyeusi-nyekundu na tamu kuliko mahali pengine popote. Aliyeitengeneza aliikoroga vizuri. Ukwaju na sukari vilienea sawasawa. Nani alivisogeza katikati?

Baridi iliingia kutoka nje. Maji ya pembeni yakaganda kwanza, na maji yanapoganda hujipanga kwa utaratibu mkali usiotaka mgeni. Sukari na ukwaju vikasukumwa ndani, kwenye maji ambayo hayajaganda. Safu baada ya safu, wageni wakazidi kujazana, mpaka tone la mwisho kuganda likawa limebeba karibu wote.

Kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, pale Bagamoyo, kanuni ni hiyohiyo, ingawa kinachofanya kazi pale ni jua. Chembe za chumvi zinapojenga pande zake sita zinawakataa wageni, na maji yanayobaki mwishoni ni machungu kwa magnesi. Mwenye shamba anayejua kazi huyamwaga. Akiyaacha yakauke pamoja na chumvi, chumvi yake itakuwa chungu na itavuta unyevu.

Metali zilizochanganywa, ambazo huitwa aloi, hufanya vivyo hivyo zinapoganda. Chembe ndogo za mwanzo huota ndani ya uji wa moto kama vimiti vyenye matawi, na vinavyokataliwa hukusanyika kati ya matawi. Huwezi kuviona kwa macho kwenye sufuria, lakini umekwisha kuona ndugu zao. Chukua ndoo mpya ya bati uigeuze juani: maua yale yanayometameta, yenye mipaka kama ramani ya mikoa, ni chembe za zinki. Chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi zaidi ya 420, kilipotolewa, zinki ikaganda ikianzia sehemu nyingi kwa pamoja, na kila ua likakua mpaka likakutana na jirani yake. Zinki hiyohiyo hulinda mabati yetu na vyuma vya nguzo za umeme dhidi ya upepo wa chumvi, unaokula kila kitu ukanda huu.

Fundi redio anajua siri nyingine ya aloi hata kama hajawahi kusikia neno hilo. Bati tupu huyeyuka kwenye nyuzi 232 za sentigredi. Risasi tupu, 327. Ukizichanganya kwa kipimo cha bati sehemu 63 na risasi 37, unapata lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 183, chini kuliko zote mbili. Kila moja inavuruga mpangilio wa mwenzake, na uji unakosa njia rahisi ya kujipanga, hivyo unabaki maji hadi chini kabisa. Kisha unaganda wote kwa mara moja, bila hatua ya uji mzito. Ndiyo sababu kiungo kizuri cha lehemu kinang'aa, na kilichotikiswa kabla hakijakaa kinakuwa na ufa usioonekana. Redio inayokatika ukiigonga huenda ina ufa wa namna hiyo.

Siwezi kupita hapa bila kumtaja Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba mkoani Tanga, alitia maziwa yenye sukari kwenye friza yakiwa bado ya moto kwa sababu aliogopa kukosa nafasi, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Aliuliza, akachekwa, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alipokuwa Shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Osborne alilipeleka swali maabara. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na dunia ikalipa jambo hilo jina la Mpemba. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama kweli hutokea na kwa sababu gani. Wapo waliopima kwa makini wasilione. Lakini mabishano yenyewe yanakumbusha jambo: kuganda hakuanzi lazima kwenye sifuri. Maji safi yanaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri yakabaki maji, yakingoja punje ya kuanzia. Metali nazo hungoja. Zikipewa punje nyingi za kuanzia, chembe huwa ndogo na metali huwa imara; zikinyimwa, chembe huwa kubwa na ufa hupata njia.

Gurudumu la mtambo wa maji, lile linalopigwa na mto mchana na usiku, kwa kawaida husubiwa kwa chuma kisichopata kutu chenye kromi kama asilimia 13 na nikeli kama 4. Maji yakiganda hutanuka. Chuma kikiganda hunywea kwa asilimia chache. Sehemu nene huganda mwisho, na ikinywea bila kupata uji wa kuijaza huacha uwazi ndani. Fundi wa kusubu sufuria anajua: huweka juu ya kalibu akiba ya uji wa alumini, igande mwisho na kulisha iliyo chini, halafu huikata. Wasubu magurudumu ya mitambo hufanya hilohilo kwa tani nyingi, na hupima joto kila mahali ili sehemu zigande kwa zamu inayotakiwa. Pima, linganisha, sahihisha: nahodha yuko hata humo.

Na gavana anayeyumba hulidhuru gurudumu. Kila anapofungua na kufunga milango ya maji bila sababu, chuma hupindika kiasi kisichoonekana na kurudi. Mara elfu, mara milioni. Uwazi mdogo ulioachwa siku ya kuganda ndipo ufa unapoanzia. Metali haisahau ilivyopoa.

Tanuri na giza

Mkoa wa Pwani una viwanda vinavyogeuza vyuma chakavu kuwa nondo. Katika tanuri la umeme, mkondo mkubwa hupita kwenye koili ya shaba iliyolizunguka tanuri, na sumaku yake huchemsha vyuma vilivyo ndani mpaka vikawa uji, bila moto wa kuni wala makaa.

Tuseme gridi imezima tanuri likiwa limejaa. Uji unaanza kupoa. Juu panafunga ngozi, pembeni panaganda, vimiti vya chuma vinaota kuelekea katikati kama barafu ya ukwaju. Wafanyakazi wana muda mfupi wa kuumimina. Wakichelewa, asubuhi watakuwa na bonge moja la tani kadhaa lililokamatana na kuta za tanuri.

Sasa umeme unarudi, na kurudi kwake ni kazi ngumu kuliko kukatika. Gridi iliyokufa haiwezi kujiwasha yenyewe, kwa sababu mitambo mingi inahitaji umeme wa kuanzia, wa pampu, wa mafuta ya kulainisha, wa sumaku. Unaanza na mtambo mmoja unaoweza kuamka bila msaada, mara nyingi wa maji. Unauwashia njia moja. Unaupa mtaa mmoja. Mpigo unazama, gavana anauinua, waendeshaji wa gridi wanasubiri utulie kwenye 50. Mtaa wa pili. Mtambo wa pili unaunganishwa, lakini si kabla mpigo wake haujalingana na wa kwanza kabisa. Kila jokofu lililokaa saa nne bila umeme limepata joto na litavuta kwa pamoja na mengine yote ya mtaa huo, kwa hiyo mtaa unaorudi ni mzito kuliko ulivyokuwa ulipokatika. Wakiharakisha, yote yanaanguka na wanaanza upya.

Tanuri la chuma linakuwa miongoni mwa mizigo ya mwisho kurudishiwa umeme. Mzigo wake peke yake unaweza kuushusha mpigo ambao umetoka kusimama sasa hivi. Msimamizi wa kiwanda anapiga simu, anaambiwa asubiri. Pembeni yake mafundi wameshika nyundo na mitaimbo, wanasikiliza kama bonge limeachana na ukuta. Saluni ya Bagamoyo imepata umeme saa moja iliyopita. Mteja alikwisha kuondoka na kitambaa kichwani, na amerudi.